Baba Yako Anakusalimu

Katekista wetu hakuwahi kudanganya kwa faida yake mwenyewe. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila nikifika hapo hasira yangu inazidi badala ya kupoa. Mwizi ukimkamata unamkuta na kitu mkononi. Yeye ukimkamata unamkuta mikono mitupu, suruali imetiwa viraka magotini kwa sababu ya kusali, na swali la kwanza anakuuliza kama umekula.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mtu wa barua katika kigango chetu, Ijumbi. Kazi yake hasa ilikuwa kuwaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza na kuongoza sala zile Jumapili ambazo Padri hakufika. Lakini sanduku la posta lilikuwa moja, la parokia, na ni yeye aliyekwenda na baiskeli kuchukua barua. Ni yeye aliyeyasoma majina nje ya kanisa baada ya ibada. Na kwa nyumba nyingi, yetu ikiwemo, ni yeye aliyezifungua barua hizo, akazisoma kwa sauti, na akaandika majibu. Mama zetu walijua aina zote za migomba kwa majina na walijua nani amezaa na nani tangu enzi za mababu, lakini karatasi kwao ilikuwa bubu. Walimpa karatasi, yeye akaipa sauti. Hakutaka malipo. Ukimletea mkungu wa ndizi aliukataa. Ukimpa kahawa ya kutafuna alichukua punje mbili, moja akaitia mdomoni na nyingine akakurudishia wewe, ili mtafune pamoja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu waliinama kumsikiliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanainama kwa heshima.

Kusalimia kwake kulikuwa kazi nzima. Kutoka kwake hadi kanisani ni mwendo mfupi, lakini alitoka asubuhi na mapema kwa sababu hakuweza kupita kibanja cha mtu, yaani nyumba na migomba yake, bila kuuliza habari za mbuzi, za mguu uliokuwa unauma wiki iliyopita, za mtoto aliye shule, na za yule aliye mbali. Siku moja mchana alikuja nyumbani tukiwa tunamenya ndizi. Akasimama uani, akavua kofia.

"Habari za tangu asubuhi, Mama Deo?"

"Nzuri, waitu. Karibu."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mzee hajambo?"

"Hajambo, yuko kwenye kahawa huko nyuma."

"Na yule mbuzi mwekundu?"

"Amezaa."

"Tumshukuru Mungu." Akarudisha kofia kichwani. "Huko kwa jirani yenu jiko linaungua."

Tulipofika na ndoo tulikuta majivu na kuku mmoja aliyebabuka. Watu waliicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi, na mimi niliicheka pamoja nao. Sasa siicheki.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: habari njema hata karatasi inaweza kuibeba, lakini habari mbaya inataka mtu, mwenye mikono ya kukushika ukianguka. Katika hili hakuwa peke yake. Kwetu kifo hakitumwi kama kifurushi. Anatumwa mtu, tena mtu mzima, naye akifika hasemi neno mpaka umekaa chini na pembeni yako yupo mtu wa kukushika. Nilipokuwa bweni, kidato cha nne, alikuja binamu yangu, akakaa nami kwenye benchi la wageni na akanipigia hadithi tu za nyumbani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Unatakiwa nyumbani," akanishika mkono. Ndipo nilipojua kwamba Baba amefariki. Sikatai kwamba ule mkono ulinisaidia.

Lakini Katekista aliigeuza desturi kuwa sheria ya kila kitu. Alikuwa na redio, na jioni watu walikaa kwenye nyasi za sakafuni kwake kusikiliza taarifa ya habari. Matangazo ya vifo yalipoanza aliizima. Mtu akilalamika, alisema, "Kisanduku hiki hakina mikono."

Kuna mkutano mmoja lazima niueleze, kwa sababu ndio ulionifundisha, ingawa nilichelewa kujifunza. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya ujamaa, ofisa kijana alipokuja kutoka wilayani kutuambia kuhusu shamba la pamoja. Hakujua Kihaya, na wazee wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kanisani. Katekista akaombwa kutafsiri. Mimi nilikuwa darasa la sita, nilielewa lugha zote mbili.

Ofisa alisema kwa ukali, "Kuanzia Jumatano, kila kaya itoe mtu na jembe. Asiyefika ni kupe, na kupe tutamng'oa. Atalala mahabusu."

Katekista akawageukia wazee na kusema kwa Kihaya, taratibu, "Mgeni wetu anawasalimu. Amefurahi kuona migomba yenu imetunzwa. Anaomba Jumatano, mwenye nafasi, apite na jembe."

Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa Kihaya kama huyu mtoto aliwahi kushika jembe, au mikono hiyo ni ya kushikia kalamu na matiti ya mama yake. Watu wakacheka sana.

"Anasema nini?" ofisa aliuliza.

"Anasema umefika vizuri, na wanakukaribisha rubisi."

Ofisa akatabasamu, akanywa. Mkutano ulikwisha kwa makofi. Jumatano hakwenda mtu. Ijumaa wakaja mgambo, wakachukua wanaume watatu, Baba akiwa mmojawapo, wakalala siku mbili rumande Muleba bila kujua kosa lao. Baba aliporudi nilimweleza yote niliyoyasikia. Nilitegemea atakasirika. Akasema, "Yule kijana angetutukana mbele ya wake zetu. Katekista alituondolea aibu." Kisha akaenda kumshukuru.

Hapo ndipo panaponichanganya kila ninapotaka kumhukumu. Watu walimpenda kwa kazi hiyohiyo. Walipeleka maneno yao kwake kama wanavyopeleka kahawa mbichi kukobolewa, na hawakuuliza maganda yamekwenda wapi.

Sasa nieleze ya nyumbani kwetu.

Kaka yangu Deo alimaliza darasa la saba na akawa kijana wa chama. Ulipokuja wito wa kwenda kufungua kijiji kipya upande wa Biharamulo, alijiandikisha. Baba alimwambia mbele yetu sote, "Migomba hii ilipandwa na babu yako. Ukiiacha kwenda kulima majani, ukipanda lori hilo, usirudi kwangu." Deo alipanda lori. Walikuwa wanaimba.

Tangu siku hiyo Mama alitaka kitu kimoja tu, mwanawe arudi. Watu waliendelea kumwita Mama Deo kila asubuhi, na kila asubuhi jina hilo lilimkumbusha. Alikwenda kwa Katekista mara tatu, nne kwa mwaka. Alikaa mbele yake na kusema maneno yake, Katekista akiandika, kisha akimrudishia kwa sauti maneno hayohayo, yakiwa yamenyooka, naye Mama akaridhika. Majibu yalipokuja, Katekista alimsomea: anawasalimu, ni mzima, kazi ni nyingi. Barua zenyewe zilibaki kwake, kwenye sanduku la bati, kwa sababu paa zetu za nyasi zilivuja na panya wanapenda karatasi. Nusu ya kijiji ilihifadhi barua zake humo.

Baba alipofariki nilimuuliza Katekista kwenye matanga, "Kaka ameambiwa?"

"Ujumbe umekwenda," alinijibu.

Tulimsubiri Deo. Hakuja kuzika. Hakuja siku ukoo ulipokaa kumtaja mrithi, na kwetu mtoto wa kiume asiyekuwepo siku hiyo, na asiyetuma neno, amejitoa mwenyewe. Kibanja kikawekwa chini ya baba yetu mdogo, Mama akaachiwa nyumba na migomba ya kula. Mashangazi walimsema Deo kwa maneno ambayo siyaandiki. Mwaka mmoja baadaye barua zake zikakoma kabisa. Mama hakumsema. Alikuwa anakaa mlangoni, mikono mapajani.

Nami ningeweza kumwandikia. Hili silifichi. Nilikuwa na elimu kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu, anwani nilikuwa naijua, stempu nilikuwa nazo. Sikuandika kwa sababu nilimkasirikia kwa kutokuja kumzika Baba, na baadaye kwa sababu niliona nimechelewa, na baadaye kwa sababu kila mwanzo wa barua niliouwaza ulikuwa na kasoro. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Naweza kuipima sentensi moja mpaka siku ipite. Lakini mimi nilinyamaza kimyakimya. Katekista alinyamaza kwa kuandika.

Nilipomaliza chuo kikuu nilipangiwa ofisi ya elimu ya watu wazima Bukoba mjini, nikapata chumba Kahororo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa somo la kisomo: kwa nini watu huwasiliana. Mkuu wangu alinipa mwanzo wake: watu huwasiliana ili kupashana habari, kufundishana, kuonyana, kuburudishana, kudumisha udugu. Nikaona somo litakuwa hai likiwa na barua za kweli, za watu wa vijijini. Nikamkumbuka Katekista na sanduku lake la bati.

Alilifungua bila wasiwasi wowote. Alinipa kigoda nikae, akaniletea uji, akaenda kupalilia maharage. Nadhani aliamini kabisa kwamba sitaona chochote kibaya humo.

Barua za Deo zilikuwa kumi na moja, zimefungwa kwa uzi wa mgomba. Ya kwanza ilisema: "Nimepata salamu. Baba mwenyewe anasema nini? Nije au nisije?" Ya pili: "Nashukuru kwa salamu. Naomba mniambie wazi, nije au nisije?" Ya tano, ya saba, swali ni lilelile. Katika ya tisa alikuwa ameoa. Katika ya kumi aliandika: "Nimefurahi kwamba Baba ananisalimu." Ilikuwa imeandikwa baada ya sisi kumzika Baba. Na ya mwisho ilisema: "Nimesikia sokoni kwa muuza dagaa wa Kamachumu kwamba Baba alikufa mwaka jana. Mlinificha ili baba mdogo achukue kibanja. Sawa."

Humo sandukuni kulikuwa pia na barua ya mume wa jirani yetu Mlutheri, aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Alimwandikia mkewe kwamba ameoa mwingine huko na yeye arudi kwao. Mwanamke huyo ninamfahamu. Hakurudi kwao. Mumewe alirudi baada ya miaka miwili, na sasa wana watoto wengine watatu, na Jumapili wanakwenda kanisani kwao wakiwa wamevaa vitambaa vya aina moja.

Nilimfuata Katekista kwenye maharage.

"Mama alikwambia nini umwandikie kaka yangu?"

Alinyoosha mgongo. "Alimsalimu."

"Mama hakutembea kote huku kuja kumsalimu mtu."

Akafuta jembe kwa jani. "Koku, mwanangu, mama yako alikuwa anasemea kwenye mlango wa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa hai. Mzee akitaka mwanawe arudi, atasema mzee. Mimi nikiandika 'rudi', kijana akafika, baba yake akamkuta mlangoni na panga, hiyo damu ningeipeleka wapi?"

"Na Baba alipokufa?"

"Nilituma mtu. Utingo wa lori la Biharamulo. Nilimwambia sikioni, nikamfanya arudie mara tatu, nikamwonyesha namna ya kumkalisha kijana kwanza. Lori likavunjika ekseli njiani, yeye akahamishiwa lori la Mwanza. Mimi nikaamini amefika."

"Kisha ukaandika Baba yako anakusalimu."

"Zamu ya barua ilikuwa imefika."

"Ukaandika kwamba maiti anamsalimu mwanawe."

"Sikutaka karatasi imtangulie mtu." Alisema hivyo kama anavyosema mtu kanuni ya imani. "Na nilipojua utingo hakufika, miezi mingi ilikuwa imepita. Ningeanzia wapi?"

Nilimwambia ameiba mtoto wa mtu. Nilimwambia kwamba yule mwanamke Mlutheri alikuwa na haki ya kuambiwa aondoke, hata kama asingeondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu, na uvumilivu wake ndio ulionizidishia hasira. Kisha akasema kwamba alipokuwa kijana, mpishi huko Kampala, aliletewa barua kazini. Akaifungua akiwa amesimama barabarani na kikapu cha nyama. Mama yake alikuwa amekufa. Watu walikuwa wanapita. Alianguka, mtu akadhani amelewa, akamruka.

"Mimi nilifiwa kwa karatasi," alisema. "Sikutaka yeyote wa kwetu afiwe hivyo."

"Basi ukatufanya sisi sote tulipie," nilimjibu, nikaondoka bila kumaliza uji.

Mama nilimweleza jioni ileile. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mikono. Hakuanguka. Aliuliza kitu kimoja, "Deo alikuwa anauliza kama aje?" Nikasema ndiyo, mara nyingi. Akaingia ndani.

Nilirudi Kahororo nikamwandikia Deo. Nilichana karatasi nne. Ya tano nikaituma. Nilieleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Majibu yalikuja ofisini kwangu baada ya wiki nyingi. Sikuyafungua mbele ya wenzangu. Niliyafungua kwenye basi la Muleba, nikajuta kutosubiri. Nilipofika Ijumbi nilikuwa tayari nimeshatunga, kichwani, namna ya kumsomea Mama. Ningeruka mistari michache ya katikati. Siyo uongo, nilijiambia. Ni mpangilio tu.

Mama aliniangalia usoni, akaniangalia mkono ulioshika bahasha.

"Usinisomee wewe," alisema. "Mwite Katekista."

"Mama, yule?"

"Yule. Asome yeye, wewe usimame nyuma yake uangalie karatasi."

Alikuja na kofia mkononi, akaanza kusalimia. Mama hakumwitikia. Sijawahi kuona jambo hilo kabla wala baada ya hapo, mwanamke wa kwetu kumnyima mzee jibu la salamu. Alimwonyesha tu pa kukaa. Katekista akakaa kwenye nyasi, akavaa miwani, akafungua karatasi, nami nikasimama nyuma ya bega lake. Alinuka moshi na sabuni ya kipande.

Alisoma:

"'Koku, barua yako nimeipata. Umeandika vizuri, kweli umesoma. Unasema yote yaliandikwa na Katekista na Mama hakujua. Nitajuaje? Labda na wewe umeandikiwa cha kuandika. Barua za nyumbani zimenisalimu miaka yote hii. Ninayo moja ya wiki tatu baada ya Baba kuzikwa, inasema Baba yako anakusalimu.'"

Akainua macho. Mama akasema, "Endelea."

"'Niliisoma mbele ya mke wangu, tukafurahi, nikanunua nyama. Nilidhani ameanza kunisamehe.'"

Mstari uliofuata ulikuwa na neno moja, na mimi nilikuwa nalijua tangu kwenye basi. Nikaona midomo yake inajikusanya, na nikatambua, kwa aibu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi, kwamba ninamwombea aseme anawasalimu, kazi ni nyingi. Mimi niliyemwita mwizi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimsubiri aibe. Aligeuka akaniangalia. Sikumsaidia kwa lolote.

"'Siji,'" alisoma.

Mama alimwashiria kwa mkono aendelee.

"'Mwambie Mama nina watoto wawili. Majina yao siyaandiki hapa, maana sijui barua hii itasomwa na nani.' Imeishia hapo, Mama Deo. Amesaini."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Katekista akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili. Akaanza kusema, "Mama Deo, mimi naomba..."

"Msamaha utauomba siku nyingine," Mama alisema. "Ana watoto wawili. Mmoja anaweza kuwa wa kike." Kisha akanigeukia mimi. "Haamini mkono wako."

"Hauamini," nilisema.

"Mkono wa huyu anaujua?"

"Anaujua kuliko wangu," alijibu Katekista mwenyewe. "Barua zote ni zangu."

"Basi utaandika wewe. Useme wewe ni nani na ulifanya nini. Halafu umwandikie yale niliyokuwa nakwambia. Mimi nimeyasahau mengine. Nilikuwa nakuachia wewe. Unayakumbuka?"

Sikutegemea ayakumbuke. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba tutayatunga upya. Lakini yeye alifumba macho, na akaanza kusema kwa Kihaya cha Mama, kwa pumzi ya Mama, hata kwa ule ukali wake wa kukata maneno:

"Mwandikie hivi. Jana baba yako akiwa anakula ameuliza, huko kwenye majani wanakula nini. Hakumuuliza mtu, aliziuliza ndizi. Rudi upesi, kabla hajajuta kuuliza."

Nilikuwa sijui. Baba aliuliza, mwaka uleule wa kwanza, na neno hilo lilikuwa limekaa miaka yote hii kichwani mwa mtu aliyesalimiana nami kila likizo. Hasira iliyonishika pale ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwenye maharage. Hakuwa amesahau hata neno moja. Alikuwa ameyatunza kama alivyotunza zile barua, pakavu, mbali na panya, na mbali na yule aliyekusudiwa.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyosema," alisema. "Andika hilo kwanza."

Nilichana karatasi kwenye daftari langu la kazi nikampa, pamoja na kalamu yangu. Akaiweka juu ya kitabu cha katekisimu, gotini. Niliinama nikaufuata mkono wake herufi kwa herufi. Aliandika jina lake, akaandika alichofanya, kwa mistari miwili isiyokuwa na pambo. Akaandika kuhusu ndizi. Hakuruka neno. Kisha akaendelea na la pili, la mwaka uliofuata, na Mama akawa anaitikia kila baada ya sentensi, kama mtu anayepokea vitu vyake mlangoni na kuvikagua.

Karatasi ilipofika nusu, Katekista aliinua kalamu.

"Salamu sijaziweka," alisema. "Niziweke hapa juu?"

Mama alifikiri.

"Ziweke mwisho," alisema, "kama karatasi itabaki."